Siku Mbili za Bahari: Safari ya Karani na Mkulima

Kutoka Nairobi mpaka Mombasa ni mwendo wa karibu kilometa 485, na kila Ijumaa jioni watu wengi huishika njia hiyo wakiwa na siku mbili tu mkononi. Wengine huenda kuwazuru jamaa zao, wengine huenda kwa biashara, na wengine hawana shughuli nyingine ila kuiona bahari na kurudi. Hao wa mwisho ndio wenye haraka kuliko wote, kwa maana Jumatatu asubuhi hapana budi wawe kazini.

Habari hii ni ya watu wawili wa namna hiyo, karani mmoja wa Nairobi na mkulima mmoja wa Salama, ambao walisoma pamoja tangu darasa la kwanza. Karani alikuwa amepata kufika Pwani mara mbili kwa kazi ya ofisi. Mkulima alikuwa ametimiza umri wa miaka 43 bila kuiona bahari, ingawa shuleni alifundishwa kuichora kwa rangi ya buluu pembeni mwa ramani ya Kenya. Karani aliponunua motokaa, ambayo ilikuwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine lakini ingali na nguvu, aliahidi kwamba safari yake ya kwanza ndefu itakuwa ya kumpeleka rafiki yake Diani.

HESABU YA KARANI

Kwa kuwa ni mtu wa ofisi, karani aliiandika safari yote katika karatasi. Wataondoka Nairobi Ijumaa saa kumi na moja jioni, wataendesha usiku kucha, na saa kumi alfajiri watakuwa Diani. Watakaa Jumamosi yote na Jumapili yote mpaka saa mbili usiku, kisha watashika njia tena na kuingia Nairobi kunapopambazuka. Kwa hesabu hiyo watapata saa 40 za pwani. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa, ila usingizi haukutajwa mahali popote katika karatasi ile.

Karani alimpitia rafiki yake Salama jua likiwa limekwisha kuchwa. Mkulima aliisoma karatasi kwa nuru ya taa ya duka, akaikunja, akairudisha bila neno. Kisha akatia nyuma ya motokaa mfuko mdogo wa ndengu, ambazo watu wa Pwani huziita pojo. Karani akamwuliza ndengu hizo ni za nani. Mkulima akajibu kwamba bado hamjui mwenyewe, lakini mtu haingii nchi ya wenzake mikono mitupu.

MATAWI BARABARANI

Barabara ya Mombasa ndiyo inayochukua mizigo ya bandari kwenda Nairobi, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan ya Kusini na mashariki ya Kongo. Malori hayapumziki, na usiku huwa mengi kuliko mchana. Sehemu kubwa ya njia hiyo ina nafasi ya gari moja kwenda na gari moja kurudi, kwa hiyo dereva atakaye kulipita lori lazima aingie upande wa wale wanaomjia.

Walipokuwa wamepita Emali, karani aliona kwamba amechelewa dakika 40 kwa hesabu yake. Akaanza kuyapita malori, moja baada ya jingine. Giza lilikuwa zito, na taa za magari yaliyowajia zilimpofusha macho kila mara. Ghafula mkulima akapiga kelele, "Majani! Majani barabarani!"

Karani hakufahamu maana ya maneno hayo, lakini alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mbele yao yalionekana matawi mabichi ya miti yaliyowekwa juu ya lami, tawi baada ya tawi, hatua chache kutoka moja hadi jingine. Ng'ambo ya tawi la mwisho palikuwa na lori refu lililovunjika ekseli, limesimama katikati ya njia bila taa hata moja. Motokaa ilisimama hatua kumi nyuma yake.

Sheria yataka kila gari lichukue alama za pembe tatu zenye kung'aa, ili ziwekwe barabarani gari linapoharibika. Lakini madereva wengi hukata matawi tu, na watu waishio kandokando ya njia wameizoea alama hiyo tangu utoto wao. Mkulima alikuwa ameyaona matawi ya namna hiyo mara nyingi karibu na shamba lake, na mara nyingine aliyaona kesho yake, baada ya mtu kuuawa kwa kutoyaona.

Walipokwisha kulizunguka lori lile, mkulima alinena kwa sauti ya upole. "Ndugu yangu, tangu Emali umeyapita malori manane. Umepata dakika ngapi?"

Karani alihesabu moyoni. "Labda nne," akasema.

Mkulima hakuongeza neno. Karani aliendesha polepole mpaka Makindu, na huko akaitoa motokaa barabarani.

MAKINDU

Makindu pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, katika mji uliokuwa na mafundi na wafanyakazi wengi wa reli. Tangu zamani hekalu hilo limewapa chakula wasafiri wa kila dini na kila kabila bila malipo, na mwenye kuhitaji mahali pa kulala huonyeshwa chumba ikiwa nafasi ipo. Mgeni hutakiwa kuvua viatu, kufunika kichwa, na kuacha nje tumbako na pombe. Atakaye kutoa sadaka hutoa, na asiyekuwa nayo haulizwi.

Marafiki wale walikula dengu na chapati, wakanywa chai ya maziwa, wakapata vitanda viwili. Karani alilala kabla hajamaliza kuvua saa yake mkononi. Asubuhi alikiri kwamba kama wangaliendelea, usingizi ungalimshika kabla ya kufika Mtito Andei.

NCHI IPITWAYO USIKU

Waliondoka saa kumi na mbili alfajiri. Upande wa kulia vilionekana vilima vya Chyulu, na mkulima akavitazama kwa muda mrefu. Vilima hivyo vilitokana na moto wa ardhini, na mawe yake yana matundu mengi. Mvua inyeshapo juu yake haitiririki kuwa mto, bali huzama chini, husafiri gizani, na kuja kububujika katika chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Tangu miaka ya 1950 maji ya Mzima yamepelekwa Mombasa kwa bomba.

Karani alipomweleza hayo, mkulima alicheka kicheko kisicho na furaha nyingi. Shamba lake liko upande wa pili wa mawingu yale yale, na mwaka uliotangulia mahindi yake yalikuwa yamekauka yakiwa na urefu wa goti. "Basi mvua yetu," akasema, "hutupita chini ya miguu, ikaenda kunywewa Mombasa."

Baada ya Kibwezi mibuyu huzidi kuwa mingi. Mtito Andei, ambao huhesabiwa kuwa karibu nusu ya njia, walinunua maji na kuzitazama tairi zao. Kisha wakaingia nchi ya Tsavo, ambayo imekuwa hifadhi ya wanyama tangu mwaka 1948. Huko udongo ni mwekundu, na ndovu hujipaka udongo huo hata wakaonekana wekundu wenyewe. Mchana ule walibahatika kuona kundi la ndovu kwa mbali, karibu na tuta kubwa la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Tuta hilo limeachiwa nafasi chini yake ili wanyama wapite.

Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Katika mto Tsavo ndipo simba wawili walipowala wafanyakazi mwaka 1898, hata kazi ya daraja ikasimama kwa muda. Simba hao waliuawa mwishoni mwa mwaka huo, na leo wamewekwa katika jumba la makumbusho huko Chicago, Marekani. Wasafiri wengi hulivuka daraja la Tsavo usiku bila kujua kwamba wamelivuka.

Kutoka Voi njia huingia nyika ya Taru, nchi kavu ya vichaka vya miiba iliyowatesa misafara ya zamani kwa kiu. Mackinnon Road magari mengi husimama kwa muda mfupi penye kaburi la Sayyid Baghali Shah, mtu wa Punjab aliyefanya kazi katika reli, na wasafiri humwomba Mungu awafikishe salama. Hatimaye, karibu na Mariakani na Mazeras, hewa hubadilika. Minazi huanza kuonekana, na mtu wa bara huona kwamba shati limemganda mgongoni.

KIVUKO CHA LIKONI

Siku hizi mtu aendaye Diani aweza kuuepuka mji wa Mombasa kwa kufuata barabara ya Dongo Kundu, ambayo ina madaraja marefu juu ya maji. Lakini mkulima aliomba wapite Likoni, kwa kuwa alitaka kupanda chombo cha baharini angaa mara moja. Walingoja zamu yao karibu nusu saa. Karani aliitazama saa yake mara tano, kisha akaivua na kuitia mfukoni.

Wenye kwenda kwa miguu huvuka Likoni bila kulipa, nao hushuka kwenye kivuko kama maji ya mafuriko. Wazee wa Mombasa hawajausahau msiba wa tarehe 29 Aprili 1994, wakati kivuko cha Mtongwe, kilicho katika mlango ule ule wa bandari, kilipopinduka kikiwa kimejaa watu wengi mno. Zaidi ya watu 250 walikufa. Ilikuwa asubuhi, na wengi wao walikuwa wakiwahi kazini.

PWANI NI YA NANI?

Walifika Diani saa saba mchana, wakapata chumba cha bei nafuu katika nyumba ya wageni ya Ukunda, kisha wakaiendea bahari. Katika barabara ya Diani waliona ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya njia kutoka mti hadi mti. Ngazi hizo ni za mbega, ili wavuke bila kugongwa na magari.

Kando ya barabara hiyo hoteli hufuatana, na malango yake huwa na walinzi. Marafiki wale walisita. Walidhani kwamba mtu asiyelala hotelini hana ruhusa ya kukanyaga mchanga. Mtoto mmoja aliyekuwa akiuza madafu aliwaonyesha kijia kati ya kuta mbili, wakapita.

Jambo hilo lafaa kujulikana na kila mwananchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imeitaja nchi yote iliyo kati ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Hoteli ina kiwanja chake, lakini mchanga uoshwao na bahari ni wa watu wote, awe mgeni mwenye mali au mkulima wa Salama.

Mkulima alivua viatu, akavishika mkononi, akasimama. Mchanga wa Diani ni mweupe na laini kama unga, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika kwa miaka mingi. Mbele yake maji yalikuwa na rangi ya kijani, kisha buluu, na mbali mawimbi yalikuwa yakivunjika juu ya mwamba kama mstari mweupe. Alikwenda mpaka maji yakafika vifundoni, akachovya kidole, akaonja.

"Ni kweli," akasema. "Ni chumvi."

Tangu utoto aliambiwa hivyo, naye aliamini. Lakini maji mengi kiasi kile, yasiyoweza kunywesha hata shina moja la maharagwe, yalimshangaza kuliko alivyotazamia.

MVUVI NA SAA YAKE

Kati ya ufuko na mwamba palikuwa na fungu la mchanga lililokuwa liking'aa juani. Karani alitaka waende huko mara moja wakapige picha. Walikuwa wamekwisha kuingia majini mpaka magotini walipoitwa na mvuvi mzee aliyekuwa akivuta ngalawa yake pwani.

"Shikamoo, mzee," wakamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mwaenda wapi?"

"Twaenda kwenye fungu lile, mzee. Ni nusu saa tu, kisha turudi."

"Nusu saa ni yenu," akasema mvuvi. "Maji hayakuahidi kitu. Msitazame mbele, tazameni nyuma yenu."

Wakageuka. Mahali walipopita dakika chache tu, ambapo maji yalikuwa hayafiki magotini, sasa yalikuwa yakipita kwa kasi kama mfereji. Mzee akawaeleza kwamba maji yalikuwa yamekwisha kupwa kabisa kabla ya saa tano, na tangu wakati huo yalikuwa yakijaa. Bahari haimjii mtu kutoka mbele peke yake. Hujaza kwanza mabonde yaliyo karibu na nchi kavu, na mtu aliye juu ya fungu hujiona salama mpaka atakapogeuka na kukuta njia ya kurudi haipo. Watu wa bara wasiojua kuogelea, akasema, hufa mahali ambapo saa mbili kabla yake watoto walikuwa wakicheza mpira.

Walirudi ufukoni, wakaketi pamoja naye kivulini, wakanywa madafu. Saa moja haikupita, na fungu lile la mchanga halikuonekana tena.

Mzee hakuwa na saa ya mkono. Aliwafundisha kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku, na kwamba kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ndipo bamvua, ambapo maji hupanda sana na kushuka sana, na katika pwani hii tofauti hiyo huzidi meta 3. Mwezi ukiwa nusu ndipo maji mafu, wala bahari haiendi mbali. Usiku wa siku ile mwezi ulikuwa mpevu. "Ninyi mna Jumamosi na Jumapili," akasema. "Sisi tuna mwezi."

Karani alimwuliza kama kesho wangeweza kufika kwenye mwamba. Mzee akahesabu kwa vidole, akawaambia waje saa tatu na nusu asubuhi, maji yakiwa yanakwenda.

Jioni walikula wali wa nazi na samaki wa kupaka Ukunda, na asubuhi wakala mahamri kwa mbaazi. Saa tatu na nusu walikuwa pwani. Walimfuata mzee juu ya miamba wakikanyaga alipokanyaga yeye, wakiwa wamevaa viatu, kwa kuwa katika mashimo ya mwamba hukaa viumbe vyenye miiba mirefu myeusi ambayo huingia mguuni na kukatika humo. Waliona samaki wadogo wa rangi nyingi, na pweza aliyejificha katika tundu. Mkulima aliuliza maswali mengi kuliko rafiki yake: ni lini samaki huzaa, ni lini wavuvi hupumzisha maji, na pepo za kusi na kaskazi huja mwezi gani. Aligundua kwamba mzee yule ni mkulima kama yeye, ila shamba lake hufunikwa mara mbili kila siku.

Saa nne na nusu mzee akageuka kurudi. Karani alisema kwamba maji bado yanakwenda, na kwa hesabu ya mzee mwenyewe kulikuwa kumesalia saa nzima. "Ndiyo sababu twarudi," akajibu mzee. "Angojaye maji yageuke kwanza, hurudi nayo." Ufukoni mkulima alimpa ule mfuko wa ndengu, na mzee akaupokea kwa mikono miwili.

KURUDI

Waliondoka Diani saa tano asubuhi. Hawakuyapita malori mawili kwa wakati mmoja, wala hawakuyapita penye kona. Waliingia Salama giza likianza kushuka, karani akalala kwa rafiki yake, na saa kumi na moja alfajiri akashika njia fupi iliyobaki ya kwenda Nairobi.

Kwa hesabu ya karatasi walipata saa 22 za pwani badala ya 40. Huenda msomaji akasema kwamba walipata hasara. Lakini mtu afikaye Diani saa kumi alfajiri bila kulala hulala mchana, na saa alizoziiba usiku humlipisha juani. Zaidi ya hayo, zile saa 40 zilikuwa na lori lisilo na taa ndani yake, na fungu la mchanga lenye kuzama, navyo havikuandikwa.

Atakaye kuifanya safari hiyo asiogope, maana ni safari njema, wala haihitaji mali nyingi. Na aigawe njia mara mbili, alale njiani, na asiingie baharini kabla ya kumwuliza mwenyeji habari za maji. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika njia ya Mombasa maneno hayo yana makaburi ya kuyashuhudia.

Jumatatu saa mbili kasoro dakika kumi karani alikuwa mezani pake. Siku ile, saa sita zilipopita kidogo, alionekana akiitazama saa ya ukutani. Mwenzake akamwuliza kama anangoja mtu. Akasema hapana, alikuwa akikumbuka tu kwamba wakati huo maji ya Diani yamekwisha kupwa, na kwamba punde yatageuka.